Kisu Katika Mkono wa Kushoto

Oretta Bandinucci alikuwa amejiapiza kwamba siku atakayomwona tena Vieri Casaglia atampita kama mtu anavyopita nguzo ya taa. Alikuwa hata ameshafanya mazoezi kichwani: kidevu juu, macho mbele, mwendo uleule. Hakuwaza kwamba siku hiyo ingemkuta amelowa chapachapa, nywele zimemganda shavuni na mwavuli umepinduliwa na upepo wa darajani. Wala hakuwaza kwamba Vieri angekuwa ameketi, tena kwenye kiti chake.

Kilikuwa chake kwa mazoea. Katika chumba cha michoro cha jumba la Gherardacci, meza moja tu ndiyo iliyokuwa chini ya dirisha linalotazama kaskazini, penye mwanga usiobadilika. Tangu majira ya baridi yaliyopita Oretta alikuwa akiikalia meza hiyo, akisoma michoro na barua za Baccio wa Stia, mchoraji aliyezaliwa mlimani kwa wafuma sufu na kufia hapa Florence karne nyingi zilizopita. Watu wengine hufuatilia maisha ya majirani. Oretta alifuatilia ya Baccio: ghadhabu zake, meno yake mabovu, mke wake Tita aliyemchora kila mara akiwa na kazi mkononi.

"Habari za asubuhi, Oretta," Vieri alisema, akainuka.

Alikuwa amekonda. Moyo wa Oretta uliliona hilo kabla akili haijapata nafasi ya kukasirika. Koti lile la kijivu walilolichagua pamoja sasa lilikuwa linamning'inia mabegani. Nani anampikia? Oretta alijiuliza, kisha akajichukia kwa kujiuliza.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Nives, mtunzaji wa chumba, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi.

"Bi Nives, yule anafanya nini pale?"

"Anasubiri karatasi ileile unayoisubiri wewe."

"Mimi niliiomba tangu zamani."

"Na yeye pia. Imerudi jana kutoka kwa wasafishaji. Karatasi ni moja na dirisha ni moja. Ama mkae pamoja, ama mmoja wenu aje wiki ijayo."

"Basi aje yeye wiki ijayo."

"Wiki ijayo sipo," Vieri alisema nyuma yake, kwa upole. "Jumapili naondoka. Nimepata kazi Madrid."

Kuna habari ambazo mwili huzipokea kabla ya masikio. Oretta alishika ukingo wa meza ya Bi Nives na kujifanya anatafuta penseli.

"Hongera," alisema.

"Asante."

"Ni kwa muda?"

"Mwaka mmoja kwanza. Baada ya hapo, nikitaka, ni kwa kudumu."

Alisema "nikitaka" akimtazama usoni, naye akageuza uso kuelekea dirishani, ambako mvua ilikuwa inateremka kwenye kioo.

Bi Nives alikuwa ameshachoka nao. "Mtagombana kwa sauti ya chini," alisema, akachukua kasha bapa la kijani na kulitanguliza mbele yao kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. "Wino hautakiwi mezani. Na wewe, binti, jifute maji kwanza."

*

Waliketi bega kwa bega, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kukaa. Karatasi ilikuwa katikati yao: mwanamke aliyechorwa kwa chaki nyekundu, kichwa kimeinama, anamenya tufaha, ganda limening'inia kama utepe. Kisu alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto.

Karatasi hiyo ndiyo iliyovunja uchumba wao.

Baba yake Oretta, Profesa Ademaro Bandinucci, alikuwa amewafundisha vijana wa Florence kwa miaka thelathini kwamba huu ndio mchoro bora wa Baccio, uliotoka mkononi mwake mwenyewe. Vieri naye alikuwa ameandika makala kusema kwamba hapana, ni kazi ya mwanafunzi wa Baccio. Hoja yake ilikuwa mistari ya vivuli. Mtu anayetumia mkono wa kulia huilaza mistari yake kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, na ndivyo alivyoichora Baccio siku zote. Mistari ya mchoro huu ilikuwa imelala kinyume. Aliyeuchora alitumia mkono wa kushoto.

Vieri hakuisubiri siku nzuri ya kulisema hilo. Alilisema siku ya Pasaka, mezani kwa Profesa, kabla mwanakondoo hajakatwa.

"Unatazama nini?" alimwuliza sasa.

"Natazama karatasi. Ndicho nilichokuja kufanya."

"Umeshika penseli kichwa chini."

Oretta aliigeuza penseli. Kisha maneno yakamtoka yenyewe, kwa sauti ya chini kama alivyoagizwa. "Ungeniambia mimi kwanza, Vieri. Jioni moja kabla. Tulikuwa wote sinema jioni hiyo. Ukanishika mkono filamu nzima na hukusema kitu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungeniomba nisiichapishe. Na ungeniomba, nisingeichapisha. Halafu ningekulaumu maisha yangu yote." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Lilikuwa kosa. Nimekuwa na muda wa kulifikiria. Lakini na wewe, Oretta. Baba yako aliponifukuza nilisimama pale mlangoni na koti mkononi. Nilikungoja. Ulikuwa unatazama sahani."

"Alikuwa anatetemeka. Ulimwona? Baba yangu alikuwa anatetemeka mikono. Ningemwachaje?"

"Sikukutaka umwache. Nilikutaka uinue macho tu."

Usiku mwingi Oretta alikuwa amejibu maneno hayo kitandani, na kila usiku alishinda. Sasa, akiwa anasikia harufu ya sabuni ya Vieri na mvua kwenye koti lake, alishindwa hata kuanza.

"Tufanye kazi," alisema.

"Tufanye."

Oretta aliivuta taa ndogo ya mezani, akailaza pembeni ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Alikuwa ameshafanya hivyo kwa kila karatasi ya Baccio, hata akaujua mkono wake kama mtu anavyojua hatua za mtu wake ngazini. Baccio alikuwa mtu wa kukandamiza. Alichora kama mwenye ugomvi na karatasi. Chaki yake ilichimba mitaro, na ukiilaza taa uliiona kama mashamba yaliyolimwa.

Hapa hapakuwa na mtaro hata mmoja.

Aliinama zaidi. Chaki ilikuwa imekaa juu ya karatasi kama vumbi, bapa, bila uzito. Baba yake hakuwahi kuuona mchoro huu nje ya kioo. Enzi zake ulikuwa ndani ya fremu kwenye nyumba ya mwenye mali, na mwenye mali hakuruhusu mtu autoe. Na hiki ambacho Oretta alikuwa anakitazama kilikuwa kinamkana baba yake waziwazi. Mkono wa Baccio haukupita hapa.

Angeweza kunyamaza. Vieri alikuwa anatazama ganda la tufaha, hakuwa ameona mwanga ulionyesha nini. Jumapili angeondoka. Baba angebaki na jina lake.

Alishusha pumzi.

"Njoo huku," alisema. "Tazama kutoka upande wangu. Hakuna mitaro."

Vieri aliinama karibu naye, shavu lake nusura liguse la Oretta. Alitazama muda mrefu.

"Unajua maana ya unachonionyesha?" aliuliza polepole.

"Najua. Baccio aliumiza kila karatasi aliyoigusa. Hii haikuumizwa. Ni hoja nyingine ya upande wako, na hukuwa nayo." Alimsogezea penseli. "Iandike. Ila nitakwenda kumwambia baba mimi mwenyewe, asiisome kwenye gazeti."

Vieri hakuichukua penseli. Alikuwa anamtazama yeye, si karatasi, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Oretta hakukiona tangu kabla ya Pasaka.

"Ungenyamaza," alisema. "Mimi nisingejua."

"Mimi ningejua."

"Ndiyo maana nilikupenda," alisema, kisha akageuka haraka kwa karatasi kana kwamba maneno yalimtoka bila ruhusa.

Alianza kukuna kidevu. Oretta alizijua ishara zake zote, na hiyo ilikuwa ya mashaka. Dakika zilipita. Bi Nives alikohoa mezani kwake.

"Oretta, Tita alikuwa anatumia mkono gani?"

"Nani?"

"Mke wa Baccio, huyu anayemenya tufaha. Umesoma barua zote, umeona michoro yote. Akishona, akikata mkate, akichana sufu."

"Wa kulia. Kila mahali, wa kulia." Alifikiri kidogo. "Kwenye makala yako ulisema mwanafunzi alikosea kuhusu kisu kwa sababu hakuwa makini."

"Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa natazama picha iliyopigwa kwa kamera. Sikuwahi kuiona karatasi yenyewe; ilikuwa kwa wasafishaji." Alikuwa anaongea haraka sasa. "Sasa naiona. Mistari imelala kinyume. Kisu kimekaa mkono kinyume. Tazama vifungo vya nguo, navyo viko kinyume. Kila kitu kiko kinyume, hata kisichohusiana na mkono wa mchoraji. Mwanafunzi gani anakosea yote hayo na bado anachora uso kama huu?"

Oretta alimtazama. Kisha akaitazama karatasi, ile chaki bapa isiyo na uzito, na kitu kikafunguka kichwani mwake taratibu.

"Ilipigwa chapa," alinong'ona.

"Endelea."

"Alichora kwenye karatasi nyingine. Akachukua hii ikiwa na unyevu, akaiweka juu yake, akaikandamiza, akaibandua. Chaki ikahamia. Ndiyo maana haina mitaro. Ndiyo maana kushoto kumekuwa kulia." Alimshika mkono bila kujua kwamba anamshika. "Bi Nives, una kioo?"

"Kioo cha nini?"

"Kioo chochote. Cha kujitazamia."

Bi Nives alipekua mkoba wake bila haraka, akatoa kikasha cha poda. Vieri alikifungua, akapuliza unga, akakisimamisha kando ya karatasi. Wote wawili wakasogeza vichwa.

Ndani ya kile kioo Tita alikuwa amegeuka. Kisu kilikuwa mkono wa kulia, na mistari ya vivuli ilishuka kama Baccio alivyoishusha maisha yake yote. Pembeni chini palikuwa na mkwaruzo ambao kila mtu, pamoja na Profesa, alidhani ni mwisho wa ganda la tufaha. Kwenye kioo ulisomeka. Ilikuwa herufi ya kwanza ya jina la Baccio, yenye mkia mrefu kama wa panya. Oretta alikuwa ameiona chini ya kila barua ambayo Baccio alimwandikia kaka yake kule Stia.

"Ni yeye," Vieri alisema.

"Ni yeye."

"Baba yako alikuwa sahihi."

Alilisema bila uchungu wowote. Oretta alimtafuta kwa macho na kuyakuta ya Vieri ndani ya kioo kilekile kidogo, karibu mno, yamejaa maji. Aliogopa kwamba analia kwa aibu. Lakini Vieri alikuwa anacheka, kimyakimya, mabega yanamtikisika.

"Una nini?"

"Nimekosea," alisema. "Nimekosea mbele ya Italia nzima. Hujui ninavyojisikia. Tangu Pasaka kila nikiamka nalala tena nikijiambia, bora ningekuwa nimekosea. Nilikuwa namwomba Mungu nikosee, Oretta, na mimi si mtu wa kanisa."

"Watakucheka."

"Wacha wanicheke. Nitaandika makala nyingine, nitaweka jina lako mbele." Alifunga kikasha cha poda kwa uangalifu, kama kitu cha dhahabu. "Nipeleke kwa baba yako."

"Sasa?"

"Kabla sijaogopa."

Hapo ndipo Oretta alipogundua kwamba bado alikuwa ameushika mkono wake. Aliutazama. Hakuuachia.

*

Shangazi Argia ndiye aliyefungua mlango, ghorofa ya tatu, mtaa wa San Niccolò. Alikuwa dada mkubwa wa Profesa, amevaa aproni, kijiko cha mbao mkononi. Alimtazama Vieri kuanzia viatu hadi nywele.

"Umekonda," alisema. "Wanakulisha nini huko, karatasi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kugombana au kula?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Hayo yanafanyika vizuri zaidi mtu akiwa ameshiba, lakini ingia." Alimnong'oneza Oretta sikioni, kwa mnong'ono uliosikika hadi ngazini. "Yuko chumba cha vitabu. Tangu asubuhi hajasema na mtu. Mtangulie."

Lakini Vieri hakungoja atanguliwe. Alikwenda mwenyewe hadi mlango wa chumba cha vitabu, ambako Profesa Ademaro alikuwa ameketi karibu na dirisha, blanketi magotini, hana kitabu wala kalamu. Oretta aliona jinsi kidevu cha baba yake kilivyokaza.

"Sikumbuki kukualika, Casaglia."

"Hukunialika, Profesa. Nimekuja kukwambia kwamba nimekosea. Mchoro ni wa Baccio. Nimeuona leo kwa mara ya kwanza kwa macho yangu, na ni wake. Nitalichapisha hilo palepale nilipochapisha lile la kwanza."

Jikoni, kijiko cha Shangazi Argia kiliacha kugonga sufuria.

"Umekosea wapi?" Profesa aliuliza.

"Kwenye kila kitu, Profesa."

"Hilo si jibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akinijibu hivyo namrudisha kwao. Umekosea wapi?"

Vieri alimweleza. Alieleza kuhusu kisu, vifungo, kioo cha poda na ile herufi yenye mkia. Alipofika kwenye mitaro ya chaki alitua, akamgeukia Oretta. "Hilo aliliona yeye. Alinionyesha akidhani linakuangusha wewe."

Mzee alimtazama binti yake. "Ulidhani linaniangusha, na bado ukamwonyesha?"

"Ndiyo, baba."

"Ukamwonyesha yeye?"

"Yeye ndiye aliyekuwa pale." Oretta alipiga magoti kando ya kiti. Hili ndilo alilokuwa analiogopa njia nzima, darajani na ngazini. "Na kuna jambo jingine, baba, afadhali ulisikie kwangu. Mkono ni wa Baccio, hapo ulikuwa sahihi. Lakini si mchoro aliouchora. Ni chapa yake. Miaka yote umefundisha kwamba ndio mchoro wenyewe, wa kwanza, na sivyo."

Alingoja. Alikuwa anaijua hasira ya baba yake, jinsi inavyoanzia kwenye mishipa ya shingo, na alikuwa tayari kuipokea. Ila haikuja. Mzee alifumba macho, akayafumbua, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Nilidhani macho yangu yamekufa," alisema. "Mnajua? Niliisoma makala ya huyu bwana mara ngapi sijui. Ilikuwa imeandikwa vizuri, ndilo lililoniumiza. Nikasema, Ademaro, kama umekosea hapa, pale pengine kote je? Watoto wote wale uliowafundisha je? Sikufungua tena droo yangu hata moja." Aliweka mkono wake mkavu juu ya kichwa cha Oretta chenye unyevu wa mvua. "Nikakusukumia wewe mzigo wangu. Nikakuona unakula kimya hapa mezani, nikasema moyoni, afadhali, angalau amebaki upande wangu."

"Sikuwa upande wowote, baba. Nilikuwa nakupenda, basi."

"Najua. Ndiyo aibu yenyewe."

Vieri alikuwa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. "Profesa, nilipaswa kuja kwako faragha. Kabla. Ungenionyesha mlango lakini ningekuwa nimekuja."

"Ningekuonyesha mlango, kweli." Mzee alimkazia macho. "Pasaka ile sijakusamehe. Mwanakondoo yule alikuwa wa shemeji yangu wa kule mashambani Mugello, akapoa, hakuna aliyemla. Argia alilia jikoni."

"Sikulia mimi," ilikuja sauti kutoka jikoni.

"Alilia," Profesa alisema. Kisha paji lake la uso likakunjamana, na Oretta akaona kitu ambacho hakukiona tangu majira ya machipuko: macho ya baba yake yakianza kukimbia, yakitafuta. "Subiri kwanza. Kama hiyo ni chapa, basi mchoro wenyewe uko wapi?"

Profesa aliegemea mbele kitini.

"Lazima uwepo. Au uliwahi kuwepo. Mtu hapigi chapa bila mchoro. Ulikuwa umefifia, kwa kuwa chaki imehama, na kisu mkono wa kulia." Alikwishatupa blanketi. "Casaglia, unafika ile droo ya juu? Mimi siruhusiwi ngazi. Lete faili la Stia. Usisimame hapo kama mshumaa."

Vieri alimtazama Oretta, naye akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa machozi.

"Mtakula kwanza," Shangazi Argia alisema akitokea mlangoni na sahani. "Huyo mchoraji amekufa. Hana haraka."

*

Walikula supu nzito ya mkate, maharagwe na kabichi nyeusi, Profesa akisogeza sahani kila mara ili apate nafasi ya karatasi, Shangazi Argia akiirudisha kila mara mahali pake. Alimwongeza Vieri mara ya pili bila kumwuliza, kisha mara ya tatu. Mvua ilikatika. Mwanga ukaingia mezani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Oretta aliisikia nyumba yao ikiwa na kelele.

Ilipofika saa ya kuondoka, Oretta alimsindikiza Vieri. Walishuka ghorofa moja, wakasimama penye dirisha la ngazi.

"Madrid," alisema Oretta.

"Nimeshatia sahihi. Mwaka mmoja." Alishika ukuta kama mtu anayetaka kujua kama ni imara. "Ningeweza kuwaandikia kwamba siji."

"Usiwaandikie. Ni kazi nzuri, na wewe unaitaka. Nimekuona ukiitaja."

"Nakutaka wewe zaidi."

"Si lazima uchague, Vieri. Mimi nilidhani lazima nichague, ona ilivyotupeleka." Alimfunga kifungo cha juu cha koti, polepole, ili mikono yake ipate sababu ya kukaa pale. "Nina kazi yangu na Baccio hadi machipuko. Nikiimaliza nitakufuata. Na baba ana droo zote zile za kufungua, hatajua hata kama nimeondoka."

"Utanifuata kama nani?"

"Nilirudisha pete yako kwa posta. Sina haki ya kuchagua jina."

"Sikuja na pete."

"Sikuulizia pete."

Vieri alivuta pumzi. Mikono yake mirefu iliupokea uso wa Oretta kwa namna ambayo leo asubuhi aliipokea ile karatasi, kwa ncha za vidole, kana kwamba ni kitu kilichosalimika kwa bahati.

"Oretta Bandinucci," alisema kwa sauti ya chini, "utaolewa na mtu ambaye amekosea mbele ya Italia nzima?"

Oretta alitikisa kichwa kukubali, lakini ngazi ilikuwa na giza kidogo na Vieri, masikini, hakuona vizuri.

"Oretta?"

Juu yao mlango uliokuwa umefungwa ulifunguka kidogo. "Mjibu kijana wa watu," Shangazi Argia alisema. "Baba yako ananiuliza kila dakika umesemaje, na mimi nina vyombo vya kuosha."

"Nimesema ndiyo," Oretta aliita juu, na sauti yake ikapanda ngazi nzima. "Mwambie nimesema ndiyo."

Mlango ukafungwa. Ndani walimsikia mzee akisema jambo, na Shangazi Argia akilirudia kwa nguvu, kisha kiti kikiburutwa. Vieri alimkumbatia hapo dirishani, kwa nguvu, na Oretta akaweka paji lake la uso kwenye koti la kijivu na kulegeza mabega ambayo hakujua kwamba alikuwa ameyakaza muda wote huo.